Bi Nungu na Bangi ya Korongoni

Mwaka ule mvua za masika zilipita juu ya Bonde la Mitondoo bila hata kubisha hodi. Mawingu yalikuja, yakajishebedua siku tatu, yakaenda zake. Mto ukageuka mchanga, mabwawa yakageuka vumbi, na bonde zima likabaki na kisima kimoja tu. Hapo ndipo wanyama walipokumbuka kwamba wana mfalme.

Simba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukiri kwamba jambo limemshinda, alitoa amri. Kila mnyama awe na kibuyu kimoja cha kimo chake, na kibuyu hicho kijazwe mara moja kwa siku, basi. Kobe akawekwa kwenye mdomo wa kisima kuwachotea wengine. Atakayeiba maji, kibuyu chake kitavunjwa mbele ya baraza, na asiye na kibuyu hachotewi. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kuvunjiwa kibuyu katika kiangazi kile kulikuwa sawa na kuambiwa nenda kafe.

Sasa tumtazame Bi Nungu. Huyu alikuwa nungunungu mtu mzima, mjane, mwenye ulimi uliochoma kuliko miiba yake. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa ikimsumbua tangu siku alipoangukiwa na gogo, na nyuma ya shimo lake alikuwa na shina la bangi. Shina moja, si mawili. Jioni alichuma majani mawili, akayaponda, akajipaka nyongani, akapata usingizi. Shina lenyewe alilinywesha kwa kujinyima, funda moja kila asubuhi kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe.

Bangi ilikuwa marufuku Mitondoo tangu enzi za babu yake Simba, na hakuna aliyekumbuka sababu. Lakini nani angekwenda kugombana na Bi Nungu kwa shina moja? Walimpita wakajifanya wanatazama ndege.

Mambo yaliharibika pale maji ya kisima yalipoanza kushuka kupita kiasi. Kobe alikuwa akipima kina kwa ufito, na ufito ulionyesha kwamba yanatoka maji mengi kuliko anayoyachota yeye. Wanyama wakaanza kutazamana vibaya. Siku mbili baadaye Swala, aliyekuwa akihangaika kutafuta majani, alishuka kwenye korongo la nyuma ya kilima, akatoka mbio ulimi nje.

"Korongoni kuna shamba!" alisema akihema. "Shamba la bangi! Kijani kibichi, linang'aa, na udongo wake umelowa!"

Hapo Fisi akapata pa kusimama. Fisi siku hizo alikuwa amejitwika kazi ya kulinda maadili ya bonde, na wala hakuna aliyemtuma. Kila penye kundi alisimama na kulia juu ya watoto wanaoharibika. "Jamani, tuulizane," alisema. "Ni nani humu bondeni anayejulikana kwa bangi? Mimi simtaji mtu. Mimi nauliza tu."

Macho yote yakamgeukia Bi Nungu. Kabla hajajua la kusema, kibuyu chake kilikuwa kimeshachukuliwa na kutundikwa kwenye jiwe la Simba kusubiri baraza, na baraza lilikuwa siku ya nne. Siku nne bila maji, ndugu zangu! Bi Nungu alitafuna mizizi mpaka fizi zikamuuma. Siku ya tatu alijikuta akilamba jiwe lililokuwa kivulini, kwa sababu lilikuwa la baridi. Aliona aibu, akatazama huku na huku, kisha akalilamba tena.

Siku hiyo hiyo Sungura alikuja kumtazama. Alikaa mbali kidogo na miiba.

"Shangazi, kesho mimi ndiye nitakayekusemea."

"Wewe? Mtu aliyewauzia kima ngazi ya kupandia mti?"

"Walifurahi, shangazi. Sasa nisikilize. Kesho nikisema neno la kukuudhi, nakuomba unyamaze."

"Mimi ninyamaze?"

"Ndiyo maana nakuomba mapema, ujizoeze."

Baraza likakaa asubuhi, mbele ya jiwe la Simba. Mashina matatu ya bangi yalikuwa yamelazwa chini, yameng'olewa korongoni na udongo wake. Juu ya jiwe, kibuyu cha Bi Nungu kilikuwa kinaning'inia. Bi Nungu hakukiondolea macho. Kilikuwa kikavu, lakini aliona kama anasikia maji ndani yake.

Simba alichukua ugoro wake kwa kucha mbili, akavuta puani kwa madaha, akapiga chafya iliyotikisa majani.

"Afya, Mfalme!" baraza zima likaitikia.

"Ahsanteni. Fisi, sema."

Fisi akajitokeza, ameinamisha kichwa mithili ya mfiwa. "Mtukufu Mfalme, mimi sina ninachokitafuta. Roho inaniuma tu. Maji yetu yameibwa kunyweshea jani linalopoteza akili! Leo ni bibi kizee, kesho ni watoto wetu. Mimi nasema kibuyu kivunjwe leo leo, tena vigae vyake vitawanywe, ili iwe fundisho."

"Sawasawa kabisa," alisema Ndovu, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameshakunywa pombe yake ya matunda pori. "Katika maisha yangu sijaona kitu kinachopoteza akili kama bangi, Mfalme wangu."

"Mzee Ndovu," Sungura akamwambia kwa upole, "hicho unachokihutubia ni kichuguu. Mfalme yuko huku."

Baraza likacheka. Ndovu akageuka taratibu, akajitahidi asianguke.

"Hebu nisaidie kidogo, mzee wangu," Sungura akaendelea. "Mwezi uliopita, nyumba ya Kanga ilikanyagwa na nani?"

"Na miguu yangu," alisema Ndovu.

"Na mayai yake?"

"Mayai hayo mimi sikuwepo. Pombe ndiyo iliyokuwepo."

"Na pombe ni halali?"

"Halali tupu!"

Kanga, aliyekuwa amekaa nyuma, hakucheka. Sungura akamgeukia Nyani, ambaye kiko kilikuwa mdomoni na moshi ukimtoka puani.

"Na wewe, kaka yangu, malisho ya kilima kile yaliungua vipi?"

Nyani akataka kujibu, akashikwa na kikohozi. Akakohoa, akakohoa, akashika mbavu, akafuta machozi. "Cheche," alisema mwishowe. "Cheche ya kiko. Iliruka tu. Lakini tumbako ni mila, Sungura. Babu yangu alivuta."

"Babu yako yuko wapi?"

"Alikufa kwa kikohozi."

"Ugoro usiuguse," alinguruma Simba kutoka juu.

"Siugusi, Mfalme. Nitaugusaje ugoro, mimi na masikio yangu haya?"

Mambo yalianza kumwendea vizuri Sungura, na Bi Nungu akaona matumaini kidogo. Mara Mama Ngiri akasimama. Huyu hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo wote walinyamaza.

"Msituchekeshe hapa mkaipamba bangi," alisema. "Mume wangu aliivuta, akalala siku tatu akiamini kwamba yeye ni jiwe. Watoto wanamwita, baba, baba, anawajibu mawe hayaongei. Siku hizo tatu nilichimba mizizi peke yangu na mtoto mgongoni. Ninyi mnacheka. Mimi sikucheka."

Kicheko kikafa. Hata Sungura alishusha masikio. "Mama amesema kweli, na mimi sina cha kumjibu. Ila naomba kumuuliza. Bangi hiyo mumeo aliipata wapi?"

"Kama ningejua si ningekwenda kumng'oa mtu masikio? Ninachojua ni kwamba akiba yetu ya viazi pori ilipungua nusu."

Bi Nungu aliinua kichwa. Yeye hajawahi kumpa Ngiri hata jani. Akataka kulisema, lakini Fisi akamwahi kwa sauti kubwa. "Hayo ni mengine! Tusitoke kwenye mada! Mfalme, jua linapanda, kivunjwe kibuyu twende zetu!"

Simba akanyoosha mkono kukichukua kibuyu.

"Mfalme," alisema Sungura haraka, "kabla hujavunja, naomba tuseme jambo moja. Tuseme tu. Tuseme Mfalme ameamua kwamba bangi iwe halali, kama pombe ya Ndovu na tumbako ya Nyani."

Baraza likaguna. Simba akauacha mkono hewani.

"Tuseme basi kwamba shamba la korongoni limekuwa shamba la kifalme. Maana mfalme mkubwa namna hii haendi kuombaomba vijani kwa watu."

"Haendi," Simba akakubali. Neno lile la kifalme lilimkaa vizuri. "Endelea."

"Atahitaji msimamizi. Na msimamizi huyo hatakuwa mtu wa hivi hivi. Atakaa upande wa kulia wa Mfalme. Kila Mfalme akiwinda, paja moja ni lake. Paja zima, na mfupa wake, na uboho wake ndani."

Fisi alimeza mate. Waliokuwa karibu walimsikia.

"Na kwa haki," Sungura akasema, "msimamizi awe yule aliyelilima, kwa sababu ndiye anayelijua. Kwa hiyo hongera, shangazi yangu Bi Nungu! Paja ni lako."

Miiba yote ya Bi Nungu ikasimama mara moja, hata waliokaa karibu naye wakajisogeza. Ameniuza! alijisemea. Kukubali paja ni kukubali shamba, na kukubali shamba ni kukubali wizi wa maji. "Wewe mtoto usiye na haya!" alifoka. "Kwanza mimi nyama sili! Na pili..." Akamtazama Sungura. Sungura alikuwa anatazama mawingu yasiyokuwepo, na sikio lake moja linacheza. Bi Nungu akakumbuka alichoombwa. Ilimgharimu kuliko ile kiu, lakini aliyameza matusi yake yote, akamalizia kwa sauti ndogo. "Na pili, shamba si langu. Langu ni shina moja."

"Ama!" Sungura akashika kichwa. "Shangazi amekataa. Basi shamba halina mwenyewe. Tumpe Ndovu. Naye hali nyama, lakini si neno. Lile paja tutalizika."

"Mtalizika?" ilikuwa sauti ya Fisi, nyembamba, kama imebanwa mlangoni.

"Tutalizika ardhini. Kila mawindo, paja moja shimoni. Tutafukia vizuri, tutashindilia, na..."

"Ni langu!" Fisi akaruka katikati ya baraza. "Shamba ni langu! Acheni uchuro wa kuzika nyama! Ni langu mimi!"

Simba akainamisha kichwa kumtazama vizuri.

"Fisi, si wewe uliyekuwa unalia juu ya maadili?"

"Nilikuwa nalia, Mfalme, lakini mambo yanakwenda na wakati. Mimi ni mtu wa maendeleo."

"Maneno matupu hayatoshi," akasema Kobe polepole. "Hapa Mitondoo anayedai shamba anaapa kwa udongo."

Kiapo hicho kila mtu alikijua. Mdai hushika bonge la udongo wa shamba lenyewe, hulibana kifuani, akataja mambo matatu mbele ya wote: mkono uliolima, mbegu iliyopandwa na maji yaliyolinywesha. Likikosekana moja, amekosa shamba. Mtu mwenye akili zake angesita kidogo hapo. Lakini Fisi alikuwa ameshaliona lile paja mbele ya macho yake, linachuruzika mafuta. Alirukia mashina yale matatu, akabandua bonge la udongo mizizini, akalikumbatia.

"Mkono ni wangu!" akaapa. "Nimelima kwa kucha hizi, tangu mwaka juzi. Mbegu ni yangu, niliificha kwenye shavu. Mnasikia? Yangu!"

"Na maji?" aliuliza Kobe.

Fisi akafungua mdomo. Akaufunga. Macho yake yakatembea kutoka kwa Kobe hadi kwenye kibuyu, kutoka kwenye kibuyu hadi kwa Simba, na hapo ndipo akili ilipomrudia, imechelewa na imechoka.

"Umande," alisema.

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Umande! Bonde lilikuwa halijaona umande tangu mwezi wa tatu. Nyani alicheka mpaka kikohozi kikamwangusha. Lakini yupo mmoja ambaye hakucheka hata kidogo, naye ni Bweha, binamu yake Fisi. Alikuwa amejibanza nyuma ya Ndovu tangu asubuhi, na sasa akatoka amefura kwa hasira.

"Umande wa wapi, Fisi?" alipiga kelele. "Umande ulikuwa na mgongo? Mimi ndiye niliyebeba maji! Vibuyu kumi kila siku, jua la utosini, Kobe akiwa amejifungia gambani amelala! Wewe ulikuwa umelala kivulini unanielekeza kwa mguu! Leo paja limepatikana, mimi nimekuwa umande? Nusu ni yangu!"

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba kwa aibu. Fisi akamrukia Bweha kumziba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na yote yamesikika. Mama Ngiri alikuwa ameshafika mbele, anahesabu masikio ya Fisi kwa macho.

"Kwa hiyo aliyemuuzia mume wangu kwa viazi vyetu ni wewe," alisema.

Simba akanguruma, wote wakakaa. "Sungura. Mimi nilisema nimeruhusu bangi?"

"Hukusema, Mfalme. Mimi nilisema tuseme. Fisi ndiye aliyekosa subira."

Simba alipenda kuonekana kwamba alilijua jambo zima tangu mwanzo, kwa hiyo alitikisa kichwa kama mtu aliyetega mtego mwenyewe. Akasimama. "Sikilizeni. Mpaka mvua inyeshe, tone la kisima ni la koo tu. Haliingii kwenye mtungi wa pombe, wala kwenye shamba la tumbako, wala kwenye bangi. Bi Nungu, shina lako unalinywesha kwa funda lako mwenyewe, ni shauri lako na nyonga yako. Mvua ikinyesha tutakaa tuamue nini kiwe halali na nini kisiwe, pombe, tumbako na bangi, vyote kwa pamoja. Na siku hiyo kila mtu atakuja bila kunywa, bila kuvuta, na..." alisita kidogo, "bila kunusa."

"Bila kunywa kabisa?" aliuliza Ndovu kwa huzuni.

"Kabisa. Sasa leteni kibuyu cha Fisi."

Kibuyu cha Fisi kikaletwa. Kilikuwa kikubwa, kimenona, bado kina unyevu. Fisi alipokiona juu ya jiwe alianza kulia, na kilio cha safari hii hakikuwa kile cha maadili. Wanyama wakaanza kupiga makofi. "Vunja! Vunja!"

Bi Nungu hakupiga makofi. Kobe alikuwa ameshamkabidhi kibuyu chake, kimejaa, na yeye alikuwa ameshakunywa. Alikunywa funda la kwanza, akafumba macho. Akanywa la pili, maji yakamtiririka kidevuni, akayafuta kwa mkono na kuulamba mkono. Kisha akachechemea mpaka mbele ya jiwe.

"Usikivunje, Mfalme."

Makofi yakakoma. "Siku nne umekaa bila maji kwa ajili yake," alisema Simba. "Alitaka ufe."

"Ndiyo. Na ninyi hapa mnaosema vunja, hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa siku nne. Mimi nimekaa. Nimelamba jiwe, Mfalme. Mimi Bi Nungu, na umri huu, nimelamba jiwe kama mwendawazimu. Mpe adhabu yoyote, mchoshe, mvunje kiburi. Lakini kiu ile simtakii hata Fisi."

Hata Mama Ngiri alitazama chini. Simba akakirudisha kibuyu chini, kizima.

"Basi Fisi na Bweha watakichimba kisima chetu kiongezeke kina," alisema. "Watashuka chini kila siku, wachimbe mpaka wafikie maji mengine sawa na yale waliyoiba. Watakunywa wa mwisho, lakini watakunywa. Na viazi vya Mama Ngiri vitarudishwa. Na wewe Kobe, mchana weka mtu wa kukuamsha."

Bi Nungu akamsogezea Fisi kibuyu chake mwenyewe. Fisi akanywa kwa pupa, akapaliwa, akanywa tena. Hakushukuru, maana hajafundishwa. Akajifuta mdomo, akatazama huku na huku, akamsogelea Sungura.

"Sasa," alimnong'oneza, "lile paja tunalifanyaje?"

Waliosikia waliwapasha habari wasiosikia, na kicheko kilichofuata kilimfanya Simba apige chafya bila ugoro.

Tangu siku ile, mtu akisimama Mitondoo na kupiga kelele kwamba kitu fulani kikatazwe, au kwamba kiruhusiwe, wanamwacha aseme mpaka achoke. Kisha Bi Nungu anamuuliza yeye mwenyewe, kwa ulimi wake ule ule: na wewe, mwanangu, utapata nini hapo?